Adhabu Kwanza, Kanuni Baadaye

Tarehe 7 Septemba 1972, katika Uwanja wa Olimpiki wa Munich, wanaume watatu walijongea jukwaa la washindi wa mita 400. Wa kwanza alikuwa Vincent Matthews wa New York, aliyekimbia kwa sekunde 44.66. Wa pili alikuwa Mmarekani mwenzake, Wayne Collett, sekunde 44.80. Wa tatu alikuwa Mkenya, Julius Sang, sekunde 44.92. Kati ya dhahabu na shaba palikuwa na robo sekunde hivi.

Collett alikuwa pekupeku, koti lake la michezo likiwa wazi. Badala ya kubaki kwenye ngazi ya pili aliruka hadi ya juu, akasimama bega kwa bega na Matthews. Wimbo wa taifa wa Marekani ulipopigwa, hawakusimama kikakamavu wala hawakuikazia macho bendera. Matthews alijishika kiuno, mara akapapasa kidevu. Wakawa wanazungumza. Sehemu ya watazamaji ikaanza kuzomea. Walipokuwa wakitoka, Matthews aliizungusha medali yake kidoleni, na Collett akainua ngumi. Sang, aliyekuwa amesimama wima kwenye ngazi yake muda wote huo, aliondoka na shaba yake bila mtu kumtilia maanani.

Hawakushika bango wala kutoa hotuba. Matthews alishikilia kwamba hawakuwa wamepanga chochote. Collett alieleza kuwa asingeweza kuimba maneno ya wimbo ule kwa sababu hakuamini kwamba ni ya kweli, ingawa alitamani yawe ya kweli. Hilo lilitosha. Avery Brundage, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), aliwaandikia viongozi wa msafara wa Marekani barua kali: kitendo kile kilikuwa cha kuchukiza, kilikuwa cha pili kutoka kwa Wamarekani, na wawili hao hawataruhusiwa tena kushindana katika Olimpiki. Aliongeza onyo kwamba likitokea tena, medali zitazuiwa.

Adhabu hiyo ilikuwa ya maisha. Ila ukiufungua Mkataba wa Olimpiki wa wakati ule kutafuta kifungu kinachomkataza mwanamichezo, kwa maneno bayana, kuonyesha msimamo wake jukwaani, hukioni. Kilichokuwapo ni msimamo wa jumla kwamba siasa haina nafasi katika michezo, pamoja na ahadi zilizodaiwa kutoka kwa miji mwenyeji. Kifungu chenyewe kiliingia mwaka 1975, miaka mitatu baada ya wahusika kuadhibiwa. Historia ya mipaka ya kauli ya wanamichezo wakubwa imekwenda hivyo mara nyingi: mtu anaadhibiwa kwanza, kisha kanuni inaandikwa ili adhabu ionekane ilikuwa na msingi.

Bendera ya kijani na mche wa mwaloni

Siasa haikuingia Olimpiki na Wamarekani weusi. Mwaka 1906, katika michezo iliyofanyika Athens, Mwairishi Peter O'Connor alishika nafasi ya pili katika kuruka mbali. Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, kwa hiyo bendera iliyopandishwa kwa ajili yake ilikuwa ya Uingereza. O'Connor aliukwea mlingoti, akapeperusha bendera ya kijani ya Ireland huku mwenzake, Con Leahy, akilinda chini. Hakufungiwa. Baadaye katika michezo hiyohiyo alishinda dhahabu ya miruko mitatu.

Miaka 30 baadaye, huko Berlin, Sohn Kee-chung alishinda marathoni. Alikuwa Mkorea, lakini nchi yake ilitawaliwa na Japani, na jina lililoandikwa kwenye orodha lilikuwa la Kijapani: Kitei Son. Wimbo wa Japani ulipopigwa aliinamisha kichwa, akaiziba alama ya jua jekundu kifuani mwake kwa mche wa mwaloni aliokabidhiwa kama mshindi. Gazeti moja la Korea, Dong-a Ilbo, lilichapisha picha yake bendera ikiwa imefutwa. Utawala wa Japani ulilifungia gazeti hilo kwa miezi kadhaa na kuwatia mbaroni waandishi wake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Watawala walikuwa wameusikia.

Katika uwanja uleule wa Berlin, washindi wa Ujerumani walinyoosha mkono kwa saluti ya Kinazi jukwaani. Brundage alikuwapo, akiongoza Kamati ya Olimpiki ya Marekani, na hakulalamika. Kwake ile ilikuwa heshima kwa taifa, na heshima kwa taifa hakuiita siasa. Mtu huyohuyo, miaka 32 baadaye, ndiye aliyekalia kiti cha juu cha IOC.

Mexico

Tarehe 16 Oktoba 1968 ilikuwa siku njema kwa Afrika Mashariki. Amos Biwott wa Kenya alishinda mbio za kuruka viunzi na maji, akafuatwa na mwenzake Benjamin Kogo. Lakini siku hiyo haikumbukwi sana kwa ajili yao. Tommie Smith alishinda mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi mpya ya dunia; Peter Norman wa Australia akawa wa pili; John Carlos akawa wa tatu.

Smith na Carlos walipanda jukwaani bila viatu, wamevaa soksi nyeusi, ishara ya umaskini wa watu weusi wa Marekani. Glavu zilikuwa jozi moja tu kwa sababu Carlos alizisahau zake. Norman ndiye aliyewashauri wagawane. Ndiyo maana katika picha Smith ameinua mkono wa kulia na Carlos wa kushoto. Norman, mzungu, alibandika kifuani beji ya Mradi wa Olimpiki wa Haki za Binadamu, harakati iliyoanzishwa na mwanasosholojia Harry Edwards.

Kamati ya Marekani ilianza kwa kuomba radhi, ikidhani mambo yataishia hapo. IOC haikutosheka. Ilitishia kuufukuza msafara mzima wa Marekani. Basi Smith na Carlos wakaondolewa kwenye timu, wakanyang'anywa vitambulisho vya michezo, wakaondoshwa katika kijiji cha wanamichezo. Wengi huamini kuwa walipokonywa medali pia, hawakupokonywa. Walichopoteza ni ile kadi inayoning'inia shingoni, na katika Olimpiki bila kadi hiyo mtu hapiti geti lolote, haingii bwenini, wala hakanyagi uwanja wa mazoezi.

Hapo ndipo ilipo nguvu halisi ya vyombo vya michezo. Serikali ikitaka kumnyamazisha raia wake, inahitaji sheria, polisi, hakimu na gereza. Chombo cha michezo kinahitaji kadi tu. Katiba ya Marekani inaikataza serikali kuminya kauli ya raia, lakini IOC ni chama binafsi chenye makao Lausanne, Uswisi. Smith na Carlos hawakuvunja sheria ya nchi yoyote, na hakuna sheria ya nchi yoyote iliyowakinga.

Siku chache baadaye, mchezaji wa jimnastiki wa Chekoslovakia, Věra Čáslavská, aligeuza uso na kuinamisha kichwa wimbo wa Muungano wa Kisovieti ulipopigwa. Vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia nchini kwake mwezi Agosti. IOC haikumwadhibu, nchi yake ndiyo iliyomwekea ngumu kwa miaka mingi.

Dhahabu ya Kenya

Turudi Munich. Agosti 1972, kabla ya michezo kufunguliwa, mataifa ya Afrika yalitishia kuondoka iwapo Rhodesia ya walowezi ingeshiriki. IOC ilipiga kura: 36 wakataka Rhodesia itolewe, 31 wakapinga, watatu hawakupiga upande wowote. Rhodesia ikatoka. Mataifa yalikuwa yamesema, na yalisikilizwa.

Tarehe 5 Septemba wanamgambo wa Kipalestina waliivamia kambi ya Israeli. Wanamichezo na makocha 11 wa Israeli walikufa. Katika ibada ya kumbukumbu uwanjani, Brundage alitangaza kuwa michezo itaendelea, na katika hotuba hiyohiyo akaitaja hoja ya Rhodesia kama shambulio jingine dhidi ya Olimpiki. Waafrika wengi walikasirika. Siku moja tu baadaye Matthews na Collett wakapanda jukwaani mbele ya mzee wa miaka 84 aliyekuwa karibu kustaafu, aliyekuwa ameshindwa na mataifa katika kura na sasa anaona vijana wawili wanazungumza wakati wa wimbo. Mataifa asingeweza kuyafungia maisha. Hao wawili aliweza.

Matokeo yake yalifika hadi Nairobi. Marekani ilihitaji watu wanne kwa mita 400 kupokezana vijiti. John Smith alikuwa ameumia msuli katika fainali ya mita 400. Matthews na Collett walikuwa wamefungiwa. Lee Evans, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 43.86 aliyoiweka Mexico, alikuwa Munich amejiandaa, lakini hakuwa na wenzake wa kutosha. Marekani, bingwa mtetezi, ikajitoa.

Tarehe 10 Septemba Kenya iliwapanga Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Kijiti kilipofika mkononi mwa Sang, Karl Honz wa Ujerumani Magharibi alikuwa ametangulia na uwanja mzima ulikuwa ukimshangilia. Sang alimfuata kwa utulivu, akampita, akamaliza wa kwanza. Muda ulikuwa dakika 2 na sekunde 59.8. Kenya haijawahi kushinda tena mbio hizo katika Olimpiki.

Haitakuwa haki kuiita dhahabu ya bure. Wakenya walikuwa wamepata fedha katika mbio hizohizo Mexico, na mzunguko wa mwisho wa Sang ulikuwa wa kasi ambayo ingemtisha yeyote. Lakini haitakuwa kweli pia kuisimulia bila barua ya Brundage. Mtu aliyesimama kando ya Matthews na Collett siku ile ya zomeazomea ndiye aliyevuka mstari siku tatu baadaye mahali ambapo wao hawakuruhusiwa kufika.

Mataifa yanasema, wakimbiaji wanakaa nyumbani

Mwaka 1975 marufuku iliandikwa. Mkataba wa Olimpiki ulieleza kuwa maandamano na propaganda za kisiasa, kidini au za rangi haziruhusiwi katika maeneo ya Olimpiki. Namba ya kifungu ilibadilika mara kadhaa hadi kikajulikana ulimwenguni kama Kanuni ya 50.

Kanuni hiyo ilimfunga mwanamichezo, lakini haikuizuia nchi yake. Mwaka uliofuata, zaidi ya mataifa 20 ya Afrika yalisusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand ikaruhusiwa kushiriki Olimpiki. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Dunia nzima ilikuwa ikingoja pambano la mita 1500 kati ya John Walker wa New Zealand na Filbert Bayi wa Tanzania, ambaye mwaka 1974 mjini Christchurch alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, Walker akiwa nyuma yake. Halikufanyika. Walker alishinda dhahabu akiwa hana Bayi wa kumkimbiza. Sababu ya kususia ilikuwa ya haki, na Watanzania wengi waliiunga mkono. Ila uamuzi haukuwa wa Bayi.

Mwaka 1980 ukaleta kituko kikubwa zaidi. Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka dunia isusie michezo ya Moscow kwa sababu ya vita vya Wasovieti nchini Afghanistan. Kuwashawishi Waafrika alimtuma Muhammad Ali. Huyu ndiye Ali aliyekataa kuandikishwa jeshini mjini Houston mwaka 1967, akavuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano na faini ya dola 10,000, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu, kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kuifuta hukumu hiyo Juni 1971. Mtu aliyepoteza miaka yake bora kwa kusema asichotakiwa kusema, sasa alitua Dar es Salaam akiwa mjumbe wa serikali ileile.

Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari walimbana: mbona Marekani haikusimama na Afrika mwaka 1976? Ali hakuwa na jibu zuri, na alikiri kuwa mambo hayo hakuelezwa kabla ya safari. Akaelekea Nairobi, ambako serikali ya Moi ilikubaliana na Washington. Kwa hiyo Tanzania ilikwenda Moscow, na Kenya haikwenda. Bayi alirudi na fedha ya kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na fedha ya mita 5000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich, alikosa Olimpiki mbili mfululizo kwa sababu ya maamuzi ambayo hakuulizwa.

Huko Marekani wanamichezo 25 walikwenda mahakamani, wakiongozwa na mpiga makasia Anita DeFrantz. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: Ikulu imeishinikiza Kamati ya Olimpiki isipeleke timu, kwa hiyo haki zetu za kikatiba zimevunjwa. Mei 1980 hakimu aliitupa kesi. Kamati, alisema, ni chombo binafsi; hata kama rais ameishinikiza, uamuzi ni wake, na Katiba haikifungi chombo binafsi. Hukumu hiyo ilimwacha mwanamichezo katikati ya nyumba mbili zenye milango iliyofungwa. Akilalamikia kamati anaambiwa si serikali. Akiilalamikia serikali anaambiwa walioamua ni kamati. DeFrantz aliingia IOC yenyewe mwaka 1986, na baadaye akawa makamu wa rais wake.

Mahakama ya Lausanne, mahakama ya Strasbourg

Mwaka 1984 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilianza kazi Lausanne. Tangu hapo mwanamichezo anayeadhibiwa ana pa kukata rufaa, jambo ambalo Matthews na Collett hawakulipata. Lakini mlango huo una kufuli upande wa pili. Fomu ya kushiriki mashindano humfanya mwanamichezo akubali kuwa mgogoro wake utaamuliwa huko na si katika mahakama za nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, ile ya Tanzania katika ibara ya 18. Mkimbiaji wa Iten au wa Mbulu anazo haki hizo akiwa sokoni au kwenye mkutano wa kijiji. Akishaingia kijiji cha Olimpiki, anachoulizwa ni alichotia saini.

Je, saini hiyo ni ya hiari? Oktoba 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ilijibu katika kesi ya Claudia Pechstein, Mjerumani wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Kesi yake ilihusu dawa za kusisimua misuli, lakini hoja iligusa wanamichezo wote: kwake kukubali usuluhishi lilikuwa sharti la kuendelea na kazi yake, kwa hiyo haikuwa hiari ya kweli. Mahakama haikuivunja CAS, ila ilisisitiza kwamba mtu aliyelazimika kwenda huko anastahili haki zote za kesi ya haki.

Kuhusu kauli yenyewe, Strasbourg imeweka mpaka pande zote mbili. Novemba 2013, baada ya mechi dhidi ya Iceland, mchezaji wa Kroatia Josip Šimunić alishika kipaza sauti akaongoza mashabiki kuitika salamu iliyotumiwa na utawala wa kifashisti wa Ustaša wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipigwa faini nchini mwake, akalalamika kuwa uhuru wake umekiukwa. Mwaka 2019 mahakama ilikataa malalamiko yake: mchezaji maarufu, mbele ya umati wa vijana, anabeba dhamana ya anachokisema.

Kesi ya Deniz Naki ilikwenda kinyume. Januari 2016 klabu yake ya Amedspor kutoka Diyarbakır, mji wa Wakurdi, iliwafunga Bursaspor wa ligi kuu katika Kombe la Uturuki. Naki aliandika Facebook kwamba ushindi ule ni zawadi kwa waliouawa na kujeruhiwa katika machafuko ya eneo lao. Shirikisho la soka lilimfungia mechi 12 na kumtoza lira 19,500. Mei 2021 Strasbourg iliamua kuwa uhuru wake wa kujieleza ulikiukwa, na kwamba kamati ya usuluhishi ya shirikisho haikuwa huru vya kutosha kuamua kesi kama hiyo. Yaani mwenye mpira, refa na mwenye filimbi walikuwa mtu mmoja.

Mikono ya Lilesa

Tarehe 21 Agosti 2016, siku ya mwisho ya michezo ya Rio, Eliud Kipchoge alishinda marathoni kwa saa 2:08:44. Sekunde 70 baadaye Feyisa Lilesa wa Ethiopia alikaribia mstari wa mwisho, akainua mikono na kuikunja juu ya kichwa kwa umbo la X. Ilikuwa ishara ya Waoromo waliokuwa wakiandamana dhidi ya serikali, na ambao wengi wao walikuwa wameuawa na vyombo vya dola. Aliirudia ishara hiyo baada ya mbio na kusema kuwa akirudi nyumbani anaweza kuuawa au kufungwa.

Kwa mara nyingine Mkenya alikuwa shahidi wa karibu. Kipchoge alipata dhahabu yake, Lilesa akapata fedha yake, na IOC, ingawa Kanuni ya 50 ilikuwa wazi, haikumnyang'anya medali. Serikali ya Ethiopia ilitangaza kuwa atapokelewa kama shujaa. Hakurudi. Alikwenda Marekani, akakaa huko hadi Oktoba 2018, baada ya serikali kubadilika Addis Ababa.

Kesi hiyo iliiweka IOC pabaya. Kumwadhibu mtu anayehofia maisha yake kungeonekana ukatili. Kumwacha kulionyesha kuwa kanuni hutekelezwa kwa kuchagua. Januari 2020 ikatoa mwongozo ulioorodhesha makosa waziwazi: kupiga goti, ishara za mikono, mabango. Miezi michache baadaye George Floyd aliuawa Minneapolis, na kupiga goti kukaenea katika viwanja vya dunia. Desemba mwaka huo kamati ya Marekani, ileile iliyowarudisha nyumbani Smith na Carlos, ilitangaza kuwa haitawaadhibu wanamichezo wake wanaotetea haki za watu weusi kwa amani.

IOC ikajitetea kwa hoja yenye uzito. Wakiruhusiwa wote kusema jukwaani, nani atawazuia watawala kuwalazimisha wanamichezo wao waseme kwa niaba yao? Tena iliwauliza wenyewe: kati ya wanamichezo zaidi ya 3,500 walioulizwa, asilimia 67 waliona kuwa jukwaa la medali halifai kwa maandamano. Julai 2021 mwongozo ulilegezwa. Mwanamichezo anaweza kuonyesha msimamo wake uwanjani kabla ya mashindano kuanza, ilimradi hamlengi mtu au nchi na havurugi mchezo. Jukwaani, hapana. Huko Tokyo wachezaji wa soka wa kike wakapiga goti kabla ya mpira kuanza, na hawakuadhibiwa. Raven Saunders wa Marekani, mshindi wa fedha ya kurusha tufe, alikunja mikono kwa X jukwaani, akieleza kuwa ni mahali ambapo wote wanaokandamizwa wanakutana. Uchunguzi ulianza, ukasimamishwa mama yake alipofariki siku mbili baadaye.

Desemba 2022 IOC iliwaondolea adhabu Matthews na Collett. Miaka 50 ilikuwa imepita. Collett alikuwa amekufa tangu 2010. Na mwaka 2023 Mkataba uliingiza katika Kanuni ya 40 maneno kwamba wanamichezo wana uhuru wa kujieleza, kwa kufuata miongozo ya IOC.

Mwaka uliofuata, Paris, Manizha Talash alijitokeza kucheza dansi ya breki katika timu ya wakimbizi. Ni Mwafghanistani anayeishi Uhispania, aliyekimbia nchi ambayo wanawake wamekatazwa kusoma na kucheza. Katikati ya pambano alifunua joho la bluu lenye maandishi ya kuwaombea uhuru wanawake wa Afghanistan. Tayari alikuwa ameshindwa na mpinzani wake, lakini shirikisho la dansi likamwondoa rasmi kwa kuonyesha kauli ya kisiasa.

Ukiyapanga matukio haya kwa mfuatano, Olimpiki haionekani kuwa imewahi kuwa kimya. Bendera hupandishwa, wimbo hupigwa, marais hukaa jukwaa kuu, nchi hujitoa na kurudi. Kilichobishaniwa tangu Mexico ni kama mtu aliyekimbia naye ana ruhusa ya kusema chochote kwa jina lake mwenyewe, na jibu limekuwa likisogea taratibu sana: kutoka kufungiwa maisha, hadi goti kabla ya filimbi. Sang, Bayi, Boit na Kipchoge, kila mmoja kwa namna yake, walipita karibu na mpaka huo. Mwanamichezo wa leo wa Eldoret au Arusha anayetaka kujua uhuru wake unaishia wapi hana haja ya kuanza na Katiba ya nchi yake. Aanze na fomu atakayotia saini kabla ya kupanda ndege, aisome hadi ukurasa wa mwisho.